Sinema Iliyopitia Mdomoni: Kutoka Vibanda Umiza hadi Wakaliga

Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa Uganda, alizijua filamu za mapigano kabla hajaziona. Alikulia Wakaliga, kitongoji cha Kampala, katika miaka ambayo Uganda ilipita kwenye udikteta na vita, na kwenda kuona picha halikuwa jambo la kila mtoto. Kaka yake ndiye aliyekwenda. Akirudi nyumbani alimsimulia Isaac picha nzima: nani alimpiga nani, gari lilipinduka wapi, stelingi alitokaje kwenye moto. Mdogo mtu alisikiliza, akaitengeneza filamu yake mwenyewe kichwani. Alipokuja kushika kamera miaka mingi baadaye, tayari alikuwa mkongwe wa filamu alizozisikia.

Wanaoandika juu ya Nabwana huanzia kwenye mtandao, pale dunia ilipomgundua na kushangaa bunduki zake za vyuma chakavu. Hapo ni katikati ya hadithi. Chanzo chake ni desturi iliyoenea Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ya kuisikia sinema kutoka kinywani mwa mtu aliyesimama kando ya picha. Bila desturi hiyo, sinema ya Wakaliga isingekuwa kama ilivyo.

Watu wa mwanzo kuisimamia kazi hiyo hawakuwa wapenzi wa sinema hata kidogo. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi wa majaribio wa sinema za elimu kwa Waafrika, chini ya Meja L. A. Notcutt, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Kwa miaka miwili walitengeneza filamu za kilimo, za afya na za kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa lori vijijini, sauti ikipigwa kwenye sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni. Filamu zake nyingi zilikuwa bubu kwa makusudi, kwa kuwa kila gari la sinema lilibeba mtu wa kuzieleza kwa kipaza sauti. Mtu huyo aliajiriwa afundishe. Lakini umati wa watu waliokaa chini gizani, picha ikicheza na mtu wa kwao akiifafanua kwa lugha yao, ulikwisha kuzoea kitu ambacho wakubwa wa London hawakukipanga: kwamba picha haijakamilika mpaka pawepo mtu wa kuisema.

Mijini mambo yalikuwa tofauti. Huko sinema ilikuwa starehe, na majumba yake yalikuwa fahari ya mji. Unguja ilikuwa na Majestic na Sultana. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na New Chox, na mwaka 1966 ikapata sinema ya kutazamia ndani ya gari. Wenye majumba hayo wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na filamu za Bombay zilijaza viti hata kwa watu wasiojua neno la Kihindi. Kisha zikaja filamu za Hong Kong. Bruce Lee alifariki Julai 1973, lakini mabango yake yaliendelea kuning'inia kwa miaka, na vijana wakawa wanatoka ukumbini wakirusha mateke barabarani. Klabu za karate na kung fu zilizoota Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina deni kubwa kwa picha hizo. Mtazamaji wa hapa hakuridhika kutazama tu. Alitaka mwili wake ujue kufanya alichokiona.

Majumba hayo hayakudumu. Uganda ilitangulia: mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza watu wenye asili ya Asia, na waliokuwa wakiendesha sinema wakaondoka nao. Jumba la Norman, katikati ya Kampala, baadaye likageuka kanisa, na ni kanisa mpaka leo. Tanzania ilitumia njia nyingine. Usambazaji wa filamu uliwekwa chini ya kampuni ya umma, fedha za kigeni zikaadimika, mashine zikachakaa. Miaka ya 1980 ilipoleta deki na kanda za VHS, sinema ilitoka kwenye jumba la viti mia kadhaa ikaingia kwenye banda la mabati.

Watanzania waliyaita mabanda hayo vibanda umiza, na aliyewahi kuketi ndani yake saa nane mchana anaelewa bila kuelezwa. Mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, madirisha yaliyozibwa kwa magunia au maboksi ili mwanga usiingie, televisheni moja juu ya meza ndefu, jenereta inayonguruma nje, na mlangoni kijana anayekusanya sarafu. Ubaoni, kwa chaki, yameandikwa majina ya picha za siku hiyo, mengi kwa tahajia ya kusikia tu. Ndani, kando ya deki, ndipo alipoketi mtafsiri, kipaza sauti mkononi na kidole kwenye kitufe cha sauti.

Uganda ndiko kazi hii ilikopata jina na heshima mapema, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea. Msimulizi aliitwa VJ, akasimulia kwa Kiganda, na watu wakachagua banda kwa kufuata jina la VJ kuliko jina la filamu. Tamasha la filamu la Amakula, lililoanza Kampala mwaka 2004, liliwapa jukwaa la kushindana hadharani, na hapo wasomi wakaanza kuwatazama kama wasanii.

Tanzania ilimpata Derek Gaspar Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Kanda zake, na baadaye diski, ziliuzwa Kariakoo na kupanda mabasi kwenda mikoani. Mama wa nyumbani asiyejua Kiingereza aliweza kuangalia picha ya Marekani mwanzo mpaka mwisho bila kumuuliza mtu. Nairobi ilimpata DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kilichochanganywa na Sheng kilisikika katika matatu, vinyozi na vibanda vya chai, akiwasindikiza wapiganaji wa Kihindi na Kichina kana kwamba wametoka Eastlands.

Ni kosa kumwita mtu wa namna hii mfasiri na kuishia hapo. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Sauti ya filamu hushushwa anaposema na kupandishwa risasi zinapolia, na akichelewa sekunde moja kipigo kinapita bila maneno. Wahusika huwapa majina ya kwetu. Hueleza kwa nini polisi wa Marekani hahitaji kugonga mlango, humwonya stelingi kuwa adui yuko nyuma ya pazia, humsema mwanamke anayemwamini tapeli. Pale ambapo filamu inanyamaza, yeye anaongeza methali, utani wa mtaa, hata habari za mpira. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings, aliyewachunguza kwa makini watafsiri wa Dar es Salaam, aliita makala yake kwa picha ya jikoni ya mchele unaogeuzwa pilau. Viungo vilikuwa vya hapa, na anayestahili sifa ni aliyeshika mwiko.

Haki za wenye filamu hazikulipwa, na hilo lisipitwe kimya. Biashara nzima ilisimama juu ya kanda zilizonakiliwa. Watengenezaji wa filamu za nyumbani waliumia zaidi, kwa sababu diski ya Hollywood iliyotafsiriwa, isiyomgharimu muuzaji chochote kuitengeneza, ilipangwa rafu moja na diski yao. Aprili 2017 wasanii wa filamu wa Tanzania waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa bila kufuata sheria. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo, wengi wao walijifunza hadithi za sinema katika mabanda yale yale.

Filamu za video za Tanzania zilikuwa zimeanza mapema, Shamba Kubwa ikiwa miongoni mwa za mwanzo, katikati ya miaka ya 1990. Baada ya Girlfriend, ya mwaka 2002, soko likashika moto, na Steven Kanumba akawa nyota wa ukanda mzima hadi alipofariki Aprili 2012. Lakini mapenzi, ndoa na uchawi ndivyo vilivyotawala. Jimmy Mponda na filamu yake Misukosuko alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kupiga ngumi mbele ya kamera. Sababu ni rahisi kuelewa: machozi yanahitaji sebule moja na waigizaji wawili, ilhali mapambano yanahitaji magari, silaha, milipuko na watu wa kuanguka. Nani angelipia?

Nabwana alijibu swali hilo kwa kufyatua matofali. Ndiyo kazi iliyompa riziki, na fedha zake ndizo zilizonunua vifaa. Alijiandikisha kwenye mafunzo ya kompyuta, ada ikamshinda baada ya mwezi mmoja, mengine akajifunza mwenyewe. Kompyuta aliyohariria aliiunga kwa vipuri vya zamani. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa bibi zake wawili, Rachel na Monica, na makao yake yakawa nyumbani kwake, ambako mkewe Harriet alikuwa sehemu ya kazi tangu mwanzo.

Fundi Dauda Bisaso alichomelea bunduki kutoka vyuma chakavu na mabomba, na baadaye akaunda hata umbo la helikopta likasimama uani. Kamera ilisimama juu ya jeki ya gari. Kitambaa cha kijani cha kuwekea picha za nyuma kilinunuliwa sokoni kikatundikwa ukutani. Kwa ajili ya damu, kondomu ilijazwa, ikafungwa kifuani chini ya shati na kuunganishwa na uzi wa kuvulia samaki. Mwigizaji akipigwa risasi anauvuta uzi mwenyewe, mfuko unapasuka, shati linaloa. Mwanzoni waliweka damu halisi ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja alipougua ugonjwa unaotoka kwa mifugo, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Hakuna chuo kilichowafundisha hayo. Waliyaunda watu waliokuwa wamezitazama risasi za kwenye filamu mara nyingi mno hata wakajua damu inapaswa kuruka vipi.

Filamu ya Who Killed Captain Alex ilipigwa katika mazingira hayo, na kionjo chake kikawekwa YouTube Januari 2010. Gharama inayotajwa ni dola 200 za Marekani. Nabwana amewahi kusema ilikuwa chini ya hapo. Kapteni Alex, komando, anatumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia mjini Kampala. Anauawa. Ndugu yake, bingwa wa kung fu, anakuja kulipiza kisasi, na kabla filamu haijaisha helikopta inaushambulia mji. Aliyemuua kapteni hajulikani mpaka mwisho. Waigizaji walikuwa majirani, wengine wanafunzi wa kung fu wa mtaani, waliofundishwa na filamu zile zile za Hong Kong. Hawakulipwa mshahara: diski zilipokamilika walitembea nyumba kwa nyumba kuziuza, wakigawana mapato, wakiharakisha kabla wezi wa nakala hawajawatangulia.

Mwishoni mwa 2011 Mmarekani Alan Hofmanis, mtu wa matamasha ya filamu jijini New York, alionyeshwa kionjo hicho. Alipanda ndege kwenda Kampala, akautafuta mtaa, na hatimaye akahamia huko kufanya kazi na Nabwana. Machi 2015 filamu nzima iliwekwa mtandaoni, na mwezi huo huo mchango wa Kickstarter uliokuwa ukiomba dola 160 ulivuna zaidi ya dola 13,000. Filamu nyingine ya Nabwana, Bad Black, ilishinda tuzo ya watazamaji katika Fantastic Fest, Austin, mwaka 2016. Crazy World, ambamo watoto wa Wakaliga wenyewe ndio mabingwa wa kung fu, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019. Mwaka 2022 kundi la Nabwana lilikuwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho ya sanaa ya documenta, na filamu mpya iitwayo Football Kommando.

Wapo waliowacheka, na kicheko hicho kinahitaji kujibiwa. Anayeangalia kwa dharau huona milipuko ya kompyuta isiyofanana na moto. Anayeangalia kwa makini huona kamera inayojua pa kukaa, mapigano yaliyofanyiwa mazoezi, na hadithi isiyopoa hata dakika moja. Nabwana hakuwa akiigiza umaskini kwa ajili ya wageni. Alikuwa akiwatengenezea majirani zake filamu ya aina waliyoipenda, ikiwa na sura zao na barabara zao.

Filamu ya asili ya Kapteni Alex haipo tena. Nabwana hakuwa na nafasi ya kuhifadhi. Ili kupata pa kuhariri filamu iliyofuata, aliifuta kutoka kwenye kompyuta. Kilichosalia ni nakala ya diski yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia, akitania, akiwatambulisha wapiganaji na kuwahimiza watazamaji wasibanduke. Wafinland, Wajapani na Wabrazili wanaoitazama leo hawana namna ya kuiona bila yeye. Na Nabwana hakumtoa alipopata uwezo zaidi: katika Bad Black sauti ya Emmie imo tena, safari hii akijua wazi kwamba anazungumza na watu walio nje ya Uganda, na akiwaeleza Kampala kama watafsiri wa vibandani walivyowahi kuwaeleza watu wa Kampala New York.