Muhugu: Mti ulioponzwa na ubora wake

Muhugu ni mti wa mbao ngumu unaomea katika misitu mikavu ya Pwani ya Kenya, kama vile Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, na vilevile katika misitu ya Karura na Ngong jijini Nairobi. Hupatikana pia Tanzania, Msumbiji na Angola. Wanasayansi huuita Brachylaena huillensis na kuuweka katika jamii moja na alizeti, ingawa aghalabu mimea ya jamii hiyo ni midogo na haitoi mbao.

Mbao za muhugu zina rangi ya manjano inayoelekea kahawia, na nyuzi zake ni nyembamba zilizoshikamana. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu hufikia uzito wa takriban kilo 900. Mchwa hawaziwezi kwa urahisi. Isitoshe, zinanukia kama sandali, na mafuta yake yamewahi kutumiwa katika manukato.

Kwa sababu ya sifa hizo, muhugu umetumiwa kwa nguzo za ua na kwa sakafu za majengo yanayokanyagwa na watu wengi. Hata hivyo, kilichouponza zaidi ni uchongaji wa vinyago. Biashara hiyo ilienea Ukambani kupitia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Utalii ulipopanuka, mahitaji yaliongezeka. Wachongaji waliupenda muhugu kwa kuwa hustahimili makali ya tezo na patasi bila kupasuka, na ukipigwa msasa hung'aa.

Tatizo ni kwamba mti huu hukua polepole mno. Maua ya kiume na ya kike huwa katika miti tofauti. Hivyo, wa kike ukikatwa, wa kiume uliobaki hauwezi kuzaa peke yake. Mbegu nazo hushambuliwa na wadudu, na nyingi hazioti. Pengo linaloachwa na shoka kwa siku moja huchukua miongo mingi kuzibika.

Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 wachongaji wamekuwa wakihimizwa kutumia mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Mwarobaini hasa hukua upesi katika mashamba ya Pwani na humpa mkulima kipato. Kasoro yake ni kwamba sharti ukaushwe vyema, la sivyo kinyago hupasuka kikifika ugenini.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Kabla ya kulipia kinyago, na aulize kimechongwa kwa mti gani. Maadamu wateja wataendelea kudai muhugu, mchongaji atautafuta, na msitu ndio utakaogharamika.