Kuitazama Dunia na Mbingu kwa Kompyuta: Kibla, Nyota na Mwezi Mwandamo

 

Siku hizi si ajabu kumuona kijana anaingia msikitini na simu mkononi, akawaambia wazee kuwa mihrabu yao imepinda. Wala si ajabu, usiku wa kuamkia Ramadhaan, mtu kutangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba "kompyuta imesema" mwezi upo, au haupo. Programu zinazoonyesha dunia na mbingu zimeingia majumbani mwetu, na kheri yake ni kubwa kwa mwenye kujua kuzitumia. Asiyejua mpaka wake huweza kuzifanya sababu ya ugomvi. Makala hii inaeleza programu hizo ni zipi, familia itazitumiaje, na wapi kazi yake inakomea.

PROGRAMU ZENYEWE

Ya kwanza ni Google Earth. Hii ni tufe zima la dunia lililovikwa picha za setilaiti na za ndege. Asili yake ni programu ya kampuni ya Keyhole, iliyonunuliwa na Google mwaka 2004, na mwaka 2005 ikatolewa kwa jina tunalolijua. Ipo ya simu, ipo ya kufungua kwenye intaneti, na ipo Google Earth Pro ya kompyuta, ambayo zamani ikiuzwa lakini tangu Januari 2015 ni bure. Kwa kujifunza, hii ya kompyuta ndiyo yenye vifaa vingi zaidi.

Ya pili ni Stellarium, inayoonyesha mbingu kama zinavyoonekana kutoka mahali popote, kwa siku na saa yoyote. Iliasisiwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2000, na ya kompyuta ni bure. Ikishawekwa hufanya kazi bila ya intaneti, kwa hiyo inafaa sana kwa skuli na vyuo vya Qur-aan vya shamba. Google Earth inahitaji intaneti, na picha zake hula bando.

Ya tatu ni WorldWide Telescope, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2008 na baadaye ikawa chini ya jumuiya ya wanajimu wa Marekani. Sifa yake ni ziara zilizotayarishwa: unabofya, nayo inakutembeza kutoka nyota hadi nyota kwa maelezo.

FALAKI IPI?

Hapa visiwani neno "falaki" lina sura mbili. Watu husema "kupiga falaki" wakakusudia kutazamia: nyota ya mtu, siku ya harusi, nani kamroga nani. Hilo ni haramu, na mtu asilitafute katika programu hizi wala popote. Falaki tunayoikusudia ni elimu ya mahesabu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambayo wanavyuoni wameitumia kwa nyakati za Swala na Kibla. Mzazi aanze kwa kumfahamisha mtoto tofauti hii kabla ya kumfungulia programu.

ZIARA YA KWANZA: KUTOKA NYUMBANI HADI AL-KA‘BAH

Fungua Google Earth Pro. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika 21.4225, 39.8262. Tufe litazunguka na kukuteremsha juu ya Masjid Al-Haraam. Bofya alama ya pini ya njano na upaandike "Al-Ka‘bah". Kisha itafute nyumba yako au skuli ya mtoto, nayo uitie pini.

Sasa bofya alama ya rula iliyo juu ya dirisha. Bofya nyumbani kwako, sogea mpaka kwenye pini ya Makkah, bofya tena. Utapata mambo mawili: umbali, na digrii za uelekeo kuanzia kaskazini ya kweli. Rula hii inafuata mviringo wa dunia. Usipime kwa ramani ya karatasi iliyotandazwa, kwani huo mstari wake haufuati mviringo huo.

Hivi ndivyo inavyokuwa kwa visiwa vyetu, kwa makadirio:

- Unguja Mjini: digrii 1.3 mashariki ya kaskazini.
- Chake Chake, Pemba: kaskazini hasa, tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya digrii.
- Kilindoni, Mafia: chini ya nusu digrii mashariki ya kaskazini.
- Lamu: digrii 2.5 magharibi ya kaskazini.
- Moroni, Ngazija: karibu digrii 6 magharibi ya kaskazini.

Kutoka Unguja hadi Makkah ni karibu kilomita 3,050. Mfuatishe mtoto mstari wa Chake Chake taratibu: unapita karibu na Mombasa, unakata Kenya, Ethiopia na Eritrea, unavuka Bahari ya Sham, na kufika. Hapo atafahamu kwa nini katika Kiswahili cha mabaharia neno "kibla" limekuwa pia jina la upande wa kaskazini. Wazee hawakukosea: kwa mtu wa visiwa hivi, Kibla na kaskazini ni karibu kitu kimoja.

Ukitaka kuihifadhi ziara hiyo, bofya alama ya kamera ya video, tembea kutoka pini hadi pini huku ukieleza kwa sauti, kisha hifadhi. Faili lake linaweza kupelekwa kwa jamaa au kuchezeshwa darasani. Iko pia alama ya saa inayofungua picha za miaka ya nyuma. Kwa hiyo mtoto anaweza kuona namna Masjid Al-Haraam ulivyopanuliwa.

JE, MIHRABU YETU IMEKOSEA?

Kabla ya kumwendea imamu, angalia mambo matatu.

Kwanza, umepima kwa nini? Dira ya simu ni ya sumaku. Huvurugwa na nondo za ukutani, spika na gari lililo karibu, na kaskazini ya sumaku haiko sawa na kaskazini ya kweli. Kwetu zinapishana kwa digrii chache. Rula ya Google Earth haina ila hiyo, lakini pini iliyowekwa vibaya kwenye paa la msikiti mdogo itakupa jibu baya pia.

Pili, tofauti ni kiasi gani? Digrii mbili au tatu si sawa na msikiti ulioelekea upande mwengine kabisa. Wanavyuoni wengi wa Hanafiy, Maalik na Hanbal wanaona kuwa aliye mbali na Makkah kinachomlazimu ni upande wa Al-Ka‘bah. Katika madhehebu ya Shaafi‘iy, yanayofuatwa na wengi wetu, kauli mashuhuri ni kukusudia Al-Ka‘bah yenyewe, kwa dhana yenye nguvu na si kwa yakini ya kipimo. Na mihrabu iliyosaliwa na Waislamu kwa muda mrefu ina heshima yake kifiqhi. Haiachwi upande wake kwa ijtihaad ya mtu mmoja, ingawa kusogea kidogo kulia au kushoto kuna nafasi.

Tatu, jambo lipelekwe kwa nani? Lipelekwe kwa imamu na kamati kwa faragha na adabu, pamoja na vipimo. Hukumu ya Swala zilizopita waulizwe Masheikh. Kuwagawa waumini katika safu kwa sababu ya picha ya simu ni madhara makubwa kuliko hiyo digrii mbili.

ZIARA YA PILI: SIKU JUA LINAPOSIMAMA JUU YA AL-KA‘BAH

Mara mbili kwa mwaka jua husimama utosini hasa mwa Al-Ka‘bah: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa za Makkah ni sawa na zetu za Afrika Mashariki, kwa hiyo huna haja ya kugeuza.

Katika Stellarium bonyeza F6, chagua Makkah. Bonyeza F5, weka tarehe 28 Mei na saa 12:18, kwani programu inahesabu saa kwa mtindo wa kizungu. Tazama juu: jua liko utosini, na mtu aliyesimama hapo karibu hana kivuli. Sasa bonyeza F6 tena uchague Zanzibar. Dakika ile ile jua liko upande wa kaskazini, kiasi cha digrii 62 kutoka upeo wa macho.

Siku yenyewe ikifika, toka nje na watoto. Simamisha fimbo ya mita moja wima kabisa, kwa msaada wa timazi. Kwa Unguja na Pemba kivuli kitakuwa kama nusu mita. Chora mstari kutoka ncha ya kivuli kwenda kwenye shina la fimbo: huko ndiko Kibla. Dakika moja kabla au baada haidhuru sana. Hiki ni kipimo kisichotegemea dira wala intaneti, na ndicho bora kwa kamati ya msikiti inayotaka kutulizana. Tahadhari: mtu asilitazame jua lenyewe; kazi ni ya kivuli.

ZIARA YA TATU: JAHAZI NA NYOTA YA JAA

Jaa ni nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wakiifuata. Weka Stellarium Unguja, usiku, kisha bonyeza F3 uiandike kwa jina la Polaris. Hutaiona: iko digrii 6 hivi chini ya upeo wa macho. Ukibonyeza G ardhi itaondoka, nawe utaiona ilikojificha.

Sasa safiri kama jahazi la msimu wa kusi. Badilisha mahali kuwa Lamu: Jaa bado iko chini, digrii 2 tu. Nenda Mogadishu: imechomoza, inagusa upeo. Nenda Muscat: imepanda takriban digrii 23 hadi 24. Urefu wa Jaa ni karibu sawa na latitudo ya mahali, na kwa hesabu hiyo nahodha alijua amefika wapi. Ahmad bin Maajid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, aliandika elimu hii kwa upana.

Fanya vivyo hivyo kwa Suheli, ambayo programu inaiita Canopus, na ambayo jina lake ndilo lililokuwa jina la upande wa kusini. Unguja hupanda hadi digrii 43 hivi. Muscat haipiti digrii 14. Kitufe cha L huharakisha wakati, K huurudisha mwendo wa kawaida, na 8 hukurudisha kwenye saa ya sasa. Mwambie mtoto amtafute babu mvuvi amuulize Kilimia iko wapi, kisha waitafute pamoja kwenye programu. Mara nyingi babu atakuwa mwalimu na kompyuta itakuwa ubao wake.

MWEZI MWANDAMO

Hapa ndipo penye uzito. Jioni ya tarehe 29, weka mahali ulipo na saa ya Magharibi, kisha ubofye mwezi. Utasomewa urefu wake juu ya upeo na umbali wake kwa pembe kutoka kwenye jua. Mfaransa André Danjon alieleza katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ulio chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hauonekani kama mwandamo. Programu basi inakufaa kwa mambo mawili: kujua utazame wapi na kwa muda gani kabla haujatua, na kutambua kuwa ulichokiona pengine ni Zuhura au taa ya ndege.

Ama kufunga na kufungua, Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameliambatanisha na kuonekana kwa mwezi. Majma‘ ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, ilipitisha kuwa kinachotegemewa ni kuona, na kwamba mahesabu na vituo vya kuangalia nyota ni vya kusaidia. Kuhusu ushahidi unaopingana na hesabu ya yakini, Imaam Taqiyyud-Diyn As-Subkiy (aliyefariki 756H) aliona ukataliwe, na wengine katika madhehebu yake hawakukubaliana naye. Kwa hiyo hilo ni la Qaadhi na Mufti, si la mwenye simu. Programu ikionyesha mwezi umo juu ya upeo haina maana umeonekana. Mwenye kuona apeleke ushahidi panapohusika. Asiyeona asitangaze picha ya kioo.

Kuna na ziara nyengine ya kutayarishwa mapema. Tarehe 2 Agosti 2027, Allaah Akipenda, jua litapatwa lote Makkah kwa karibu dakika 5. Liangalie kwenye Stellarium ukiwa "Makkah", kisha ulinganishe na kisiwani kwako, na iwe nafasi ya kuwafundisha watoto Swala ya kupatwa kwa jua.

ADABU ZA KUTUMIA

Picha za Google Earth si za wakati huo huo. Nyingine zina miaka. Hata hivyo ua wa jirani ni sitara yake, usiufanye mchezo wa kuchungulia. Usiweke pini za nyumba za watu kwenye ziara unayoisambaza. Usiache Swala ikupite kwa kutembea Makkah ya kwenye kioo. Na usidhani kuizuru kwa kompyuta kuna hukumu yoyote ya Hija au ‘Umrah, ni kujifunza njia na mahali, na huenda ikamuamshia mtu hamu ya kuweka akiba.

Kwa ufupi, tumia programu hizi kumfundisha mwanao, kuyafahamu maneno ya wazee, na kujitayarisha kutazama. Penye hukumu, rudi kwa wenye elimu.

Na Allaah Ndiye Mjuzi zaidi.