Makovu ya mapafu: namna Daktari Merewether alivyofuata mavumbi mpaka kwenye mashine

Mtu anakohoa miezi na miezi. Akipanda kilima kidogo tu, pumzi inakatika. Kwenye kituo cha afya anapewa dawa za kifua kikuu, anazimaliza zote, na kikohozi kiko pale pale. Katika majimbo yetu ya mashariki, ambako watu wengi wanakula kwa kuvunja mawe, habari ya namna hii si ngeni. Kuko ugonjwa unaofanana na kifua kikuu lakini hautoki kwa mikrobu. Unatoka kwa mavumbi.

Leo tunajua hivyo kwa sababu kuko waganga waliofanya kazi ya kuhesabu wagonjwa mmoja mmoja. Kati yao yuko Daktari Edward Merewether wa Uingereza, ambaye ripoti yake ya 1930 ilibadilisha sheria ya inchi yake.

Kovu ndani ya pafu ni nini?

Pafu ni laini kama sifongo. Ndani yake muna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na ngozi ya kila kifuko ni nyembamba ili hewa ipite kuingia katika damu.

Mavumbi makubwa yanakamatwa puani na kooni, tunayatema au kuyapenga. Mavumbi madogo, yale ambayo jicho halioni, yanashuka mpaka kwenye vifuko. Huko chembe za ulinzi za mwili zinayameza. Kama ni uchafu wa kawaida, zinausafisha. Lakini unga wa jiwe gumu hauyeyuki. Chembe za ulinzi zinakufa, nyingine zinakuja kuchukua nafasi yao, nazo zinakufa. Pale penye vita hiyo mwili unajenga kovu, kama vile kidonda cha mguu kinavyoacha kovu gumu.

Kovu halivutiki na halipitishi hewa vizuri. Waganga wanaita hali hiyo fibrozi ya mapafu. Ikitokana na silika, madini yaliyo ndani ya mawe kama kwarzi na mchanga, inaitwa silikozi. Ikitokana na asbesto, ile ambayo wengi kwetu wanaijua kwa jina la Kifaransa amiante, inaitwa asbestozi. Kovu likiisha kujengeka, hakuna dawa ya kuliondoa.

Walioona mapema

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi. Linaweza kusokotwa na kufumwa kama pamba, na haliungui. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya vililipenda sana.

Katika 1898, Lucy Deane, mwanamke aliyekuwa mkaguzi wa viwanda wa serikali ya Uingereza, aliandika kwamba mavumbi ya asbesto yanaharibu afya ya wafanyakazi. Yalipotazamwa kwa darubini yalionekana yenye ncha kali kama vipande vya kioo.

Mwaka uliofuata, Daktari Montague Murray wa London alimpokea mgonjwa wa miaka 33 ambaye alikuwa amefanya kazi miaka 14 katika kiwanda cha asbesto. Mtu huyo alimwambia kwamba walikuwa kumi katika chumba kimoja cha kazi, na wenzake tisa wote walikuwa wamekufa. Naye alikufa kiisha muda mfupi, na mapafu yake yalikutwa yamejaa makovu. Murray alieleza habari hiyo mbele ya kamati ya serikali katika 1906. Haikuzaa sheria yoyote.

Katika 1924 alikufa Nellie Kershaw, mama wa miaka 33 aliyesokota nyuzi za asbesto katika mji wa Rochdale. Kiwanda hakikukubali kwamba kazi ndiyo iliyomuua. Daktari William Cooke alichunguza mapafu yake, akakuta vipande vya madini ndani ya makovu, akavilinganisha na mavumbi ya asbesto. Lakini katika mapafu hayo kulikuwa pia alama za zamani za kifua kikuu, na waliotaka kubisha walipata nafasi ya kubisha. Katika 1927 Cooke ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la asbestozi.

Hesabu ya Merewether

Katika 1928 ilitoka habari kutoka Glasgow: mfanyakazi wa asbesto ana makovu ya mapafu, na hana kifua kikuu. Serikali ikamtuma Merewether, muganga mkaguzi wa viwanda, achunguze.

Shida yake ilikuwa moja. Mgonjwa mmoja haonyeshi chanzo, kwa sababu mtu anaweza kukohoa kwa sababu nyingi. Kwa hiyo alichagua wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto, akawaacha kando wale waliowahi kufanya kazi katika mavumbi ya aina nyingine. Alitaka chanzo kibaki kimoja tu. Kiisha akauliza kila mtu: umefanya kazi hii miaka mingapi, na katika chumba chenye mavumbi kiasi gani?

Watu 95 kati ya hao 363 walikuwa na makovu, maana yake zaidi ya mmoja katika kila wanne. Lakini jambo lililoshinda ubishi ni mpangilio wa miaka. Katika waliofanya kazi chini ya miaka mitano hakuonekana mgonjwa. Kadiri miaka ilivyoongezeka, wagonjwa waliongezeka. Katika waliopita miaka 20, karibu wanne kwa kila watano walikuwa nao. Tena, penye mavumbi mengi ugonjwa ulikuja haraka.

Ndipo ilipoonekana wazi: kama ugonjwa unapanda pamoja na mavumbi, basi ukipunguza mavumbi utapunguza ugonjwa. Charles Price, injinia aliyeandika ripoti pamoja naye, alionyesha namna ya kufanya: kufunika mashine, kuvuta mavumbi kwa mabomba ya hewa, kulowanisha malighafi. Merewether mwenyewe alisisitiza kwamba mfanyakazi lazima aelezwe hatari iliyopo.

Tusisahau pia kwamba alipima waliokuwa bado kazini tu. Waliorudi nyumbani kwa kushindwa kupumua, na waliozikwa, hawakuingia katika hesabu. Ukweli ulikuwa mbaya kuliko ripoti.

Sheria na mapungufu yake

Sheria ya kupunguza mavumbi ilitoka katika 1931, miaka 33 kiisha maandishi ya Lucy Deane. Lakini iligusa kazi za kiwandani tu. Waliofunga asbesto kwenye mabomba, kwenye meli na kwenye majengo waliachwa nje, na wengi wao waliugua baadaye.

Merewether hakuacha kuhesabu. Katika ripoti iliyotoka 1949 alionyesha kwamba kati ya vifo 235 vya wagonjwa wa asbestozi, 31 vilikuwa na kansa ya mapafu. Katika 1960, Daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walieleza wagonjwa 33 wa kansa ya utando wa mapafu, karibu wote wakiwa watu wa sehemu za machimbo ya asbesto ya Cape. Uingereza ilikataza asbesto kabisa katika 1999.

Si kila kovu linatoka kwa mavumbi. Kuko wagonjwa ambao chanzo chao hakionekani. Katika mabilioni ya herufi za urithi tulizo nazo kila mmoja, watafiti wanatafuta pia majibu; katika 2011 kikundi cha David Schwartz wa Marekani kilionyesha kwamba badiliko moja karibu na jini iitwayo MUC5B linaongeza sana hatari. Sigara nayo inazidisha mambo.

Inatuhusu vipi sisi?

Kwetu hatari kubwa ni silika. Dhahabu mara nyingi inalala ndani ya kwarzi, na kwarzi ni silika tupu. Anayetoboa jiwe kavu ndani ya shimo lisilo na hewa anaivuta. Wamama wa Kamituga wanaotwanga mawe katika kinu, wale wanaoitwa "mamans twangaises", wanaivuta pia, na mtoto aliye mgongoni anavuta pamoja na mama yake.

Mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo magonjwa haya mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja. Ndiyo sababu hatusemi mtu aache dawa za kifua kikuu. Tunasema aeleze kazi yake.

Yanayoweza kufanyika

Mwagia jiwe maji mbele ya kulivunja au kulitwanga. Maji ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko zote.

Twanga mahali pa wazi, upepo ukitoka mgongoni mwako, na watoto wakae mbali.

Kitambaa cha kufunga puani kinazuia mavumbi makubwa tu, yale madogo yanapita. Maski ya kweli ya mavumbi inasaidia, lakini haichukui nafasi ya maji na hewa.

Usikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba. Zilowanishe kwanza.

Ukikuta mabati au mabomba ya zamani ya saruji yenye amiante, usiyakate wala kuyapondaponda.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Kisha mwambie muganga mambo mawili ambayo Merewether aliwauliza watu 363: unafanya kazi gani, na kwa miaka mingapi. Kama dawa za kifua kikuu zimeisha na pumzi bado inakatika, omba picha ya kifua.