Simu ya Mathe Haikuwa Imekufa

Mwezi uliopita simu ya mathe iligoma kuchaji. Kwa wengine hiyo ni stori ndogo. Kwetu Kayole, mathe anauza mitumba kwa deni, na kila jina la mtu wa kulipa mwisho wa mwezi liko ndani ya hiyo simu. Fundi wa kwanza akaweka tundu jipya la chaji, akaweka betri mpya, kisha akasema: "Mama, hii imekufa. Nunua ingine."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini historia sijaiacha. Na hii shida iko na historia.

Mnakumbuka Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka 2003? Tundu lake la chaji lilikuwa la duara na kazi yake ilikuwa umeme tu. Data ilipitia vituo vidogo vya chuma chini ya betri, na ni mafundi tu walikuwa wanavigusa. Yaani milango miwili, kila mmoja na soja wake.

Halafu watu wakachoka na chaja za kila aina. Mwaka wa 2009 kampuni kubwa za simu zikakubaliana na Tume ya Ulaya kutumia mlango mmoja, micro-USB. Poa sana, chaja moja ikazunguka ploti nzima. Lakini sasa umeme na data vinapita mlango huo huo: nyaya mbili za umeme, mbili za data. Nyuma yake kuna chipu ya kuongea na chaja au kompyuta. Chaja mbovu ikileta umeme usiotulia, chipu hiyo inaweza kuungua. Hata iPhone haikuponea. Tangu iPhone 5 ya 2012, mafundi wanaijua chipu inayoitwa Tristar: ikiharibika, simu inaweza kuonyesha inachaji na asilimia haipandi.

Fundi wa pili, kibanda kando ya stage, hakukimbilia kufungua. Aliuliza kwanza: "Mnatumia chaja gani?" Akaweka kamita kati ya chaja na simu: volti 5 zinafika, simu haivuti kitu. Akaichomeka kwa laptop, haionekani. Tundu ni jipya, kwa hivyo shida iko ndani zaidi. Akapima zile njia mbili za data kwa bodi, ambazo zinafaa kusoma karibu sawa. Moja ilisoma vizuri, ingine sufuri. Shorti. Akaitoa chipu kwa hewa moto, akapima tena, shorti ikapotea. Hapo ndipo alijua mwenye makosa. Akatoa chipu nzima kwa bodi ya simu ingine kama hiyo.

Wasee, fundi akikuambia simu imekufa, muulize swali moja: umepima nini? Wa kwanza alibadilisha vitu, wa pili akapima.

Simu iliwaka jioni. Wale wa "nitalipa wiki ijayo," mathe amewapata wote.