Unamwachia nani mtoto ukienda shambani? Namna ya kuchagua mlezi wa mchana Kidodi

Mama mwenye ajira ya mkataba ana haki yake kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua pacha, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Darasa la awali la shule ya msingi nalo linamsubiri mtoto wa miaka mitano. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka minne ambayo mtoto lazima akae na mtu, na wasikilizaji wetu wengi hawana hata hizo siku 84. Anayepalilia miwa kwa kibarua, anayeuza ndizi barabarani, anayelima mpunga wake bondeni, anarudi kazini siku unga unapoisha.

Zamani jibu lilikuwa bibi. Kwa familia zenye ndugu wengi hapa chini ya milima ya Vidunda, hata leo jibu ni bibi, na hatuna sababu ya kuwashauri vingine kama bibi ana nguvu na anaona vizuri. Lakini ukanda huu wa Kidodi, Ruhembe na Ruaha umejaa watu waliofuata kazi ya miwa kutoka mikoa mingine. Wamepanga chumba, bibi yuko Njombe au Kigoma, na jirani wamemjua miezi mitatu tu. Hao ndio wanaotuuliza: mama fulani anakaa na watoto nyumbani kwake, nimpelekee wangu?

Wengine hawaulizi, humwachia dada mkubwa. Tuseme wazi: msichana wa miaka minane au tisa si mlezi. Anaweza kumbembeleza mdogo wake, lakini hawezi kumtoa kwenye maji wala kuamua kumkimbiza zahanati, na kila siku anayobaki nyumbani ni siku ya shule iliyopotea.

Hesabu watoto kwanza

Wazazi wengi huanza na bei, kisha umbali, kisha kama nyumba ina sakafu ya saruji. Sisi tungeanza na hesabu: watoto wangapi, na mikono mingapi ya mtu mzima. Jiulize, moto ukishika jikoni au nyoka akiingia ndani, mama huyu anaweza kuwatoa wote kwa mara moja? Mmoja mgongoni, mmoja mkononi, wa tatu anayetembea ameshikwa mkono. Wakizidi hapo, na wengine bado wanatambaa, kuna atakayebaki ndani.

Si sisi tu tunaohesabu hivyo. Huko England, mlezi anayefanya kazi peke yake nyumbani kwake kwa kawaida haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto watatu walio chini ya umri wa shule, na kati yao mchanga wa chini ya mwaka mmoja ni mmoja. Hao wana maji ya bomba na jiko la umeme. Mlezi wa Kidodi anayechota maji, kukoka moto na kufua nepi za kitambaa hawezi kumudu zaidi yao. Ukikuta watoto tisa na mama mmoja, hata awe na moyo wa dhahabu, tafuta kwingine.

Bei nayo imefungwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Mlezi anayetoza kidogo mno atajaza watoto ili apate riziki. Anayedaiwa na wazazi naye atafanya hivyo hivyo. Wakulima wa miwa mnaosubiri malipo kupitia chama cha ushirika mnajua yanavyoweza kuchelewa, basi elewaneni mapema kama utalipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na nani analeta unga wa uji, sukari, sabuni na nepi.

Nenda bila kuaga, lakini kwa adabu

Kumhoji mama mtu mzima kama vile umetumwa na polisi ni utovu wa adabu, na hutapata ukweli. Njia inayofaa kwetu ni kwenda kukaa. Piga hodi, amkia shikamoo, mkalishe mtoto wako karibu nawe, saidia kuchambua mchele au kupukuchua mahindi, na macho yako yafanye kazi. Nenda mara mbili: mara moja saa nne asubuhi, wakati wa kazi nyingi, na mara nyingine bila kusema, mchana watoto wanapolala.

Utaona mengi ambayo hakuna swali lingeyatoa. Mtoto akilia, anainuliwa au anakemewa kwa mbali? Mlezi anaita kila mtoto kwa jina lake? Watoto wanamkimbilia au wanamkwepa? Baada ya choo, na kabla ya uji, mikono inanawishwa kwa sabuni? Kama nyumba imenyamaza sana, na watoto wa mwaka na nusu wamekaa kimya kwenye mkeka wakitazama ukuta, sisi tungeondoka na mtoto wetu.

Maswali yapo, ila yaulize kama mazungumzo. "Mama, akikataa kulala huwa unamfanyaje?" Akijibu kwamba anambeba au anamwimbia, vizuri. Akigusia dawa ya mafua ili mtoto apate usingizi, simama hapo hapo. Dawa inayolewesha inaweza kuzuia pumzi ya mtoto mdogo, na kuna nyumba zinazofanya hivi. "Na akimpiga mwenzake?" Hapa utajua kama kuna fimbo. "Ukienda sokoni unawaacha na nani?" Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu linafungua habari ya watu wengine wa nyumba hiyo.

Na habari hiyo lazima uijue. Nani anaishi pale? Kuna wapangaji, kijana asiye na kazi, pombe inayouzwa uani? Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayejulikana na anayeaminika nyumbani, wala si mgeni wa njiani. Huna haja ya kumtuhumu mtu. Unataka tu mlezi anayekubali kwamba watoto hawaachwi peke yao na mtu mwingine, na hawaogeshwi na yeyote isipokuwa yeye.

Maji, moto na chupa za soda

Hatari za hapa kwetu si za kwenye vitabu. Kuna mto Ruaha Mkuu na vijito vinavyoingia humo, mifereji ya mashamba, mashimo ya tofali yanayojaa mvua, visima visivyo na mfuniko. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata kwenye ndoo, kimya, wakati mlezi anapepeta mchele mlango wa pili. Tazama ndoo zimefunikwa au zimeinuliwa, na kama kuna uzio, hata wa mabua, kati ya watoto na maji.

Bangladesh, nchi ya mito na madimbwi, iliona watoto wadogo wengi wakizama karibu na nyumbani, hasa asubuhi, mama akiwa kazini. Vijiji vikaanzisha vituo ambavyo mama wa hapo hapo aliyepewa mafunzo hukaa na watoto kwa saa chache za asubuhi, na vifo vya kuzama vikapungua sana kwa waliopelekwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliuweka ulezi wa mchana kwenye mwongozo wake wa kuzuia kuzama. Jambo lililowaokoa wale watoto ni macho ya mtu mzima ambaye kazi yake kwa saa hizo ni moja tu.

Jiko la mkaa na sufuria ya uji viwe mahali ambapo mtoto hafiki. Angalia pia stoo. Kwenye nyumba za wakulima wa miwa dawa ya magugu humiminwa kwenye chupa za soda au za maji, na mtoto hajui kusoma. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo. Nyumba iliyo ukingoni mwa barabara ya Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara, inayopita malori na matrekta ya miwa, na isiyo na uzio, haifai kwa mtoto anayetembea hata mlezi akiwa hodari.

Kunyonya, uji na homa

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Kama kazi yako iko karibu, chagua mlezi aliye njiani ili urudi kunyonyesha, hata kama yuko ghali kidogo. Ukikamua maziwa, yaache kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, kivulini. Bila friji yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na kwa joto letu pungufu ya hapo ni salama zaidi. Mwombe mlezi atumie kikombe na kijiko, maana chupa ni ngumu kuisafisha.

Mpe mlezi nakala ya taarifa za kadi ya kliniki, naye akuulize kuhusu chanjo. Mtoto hupata chanjo akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Mlezi asiyejali kadi za watoto wengine anakuletea surua nyumbani. Uliza pia mchana wanalala wapi, na kama chandarua kipo.

Homa isisubiri jioni. Kubalianeni kwamba mtoto akipata joto utapigiwa simu mara moja na apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata usipopatikana. Mashambani mtandao hukatika, kwa hiyo acha namba mbili zimeandikwa kwenye karatasi ukutani, na nauli ya bodaboda ya kufika zahanati iliyowekwa akiba. Kwenye karatasi hiyo andika na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Asiyeandikwa hapewi, hata akisema katumwa na baba.

Kuna jambo moja wazazi hulipenda ambalo sisi hatulishabikii: mtoto wa miaka miwili anayekalishwa na daftari. Umri huo hujifunza kwa kuongeleshwa, kuimbiwa na kuchezea magunzi, vifuu na udongo. Mlezi anayezungumza na watoto huku akimenya mihogo anafundisha zaidi ya yule mwenye ubao.

Wiki ya kwanza na baada ya hapo

Usimwache siku nzima ghafla. Anza na saa moja ukiwepo, kisha saa mbili usipokuwepo, ndipo siku nzima. Kulia asubuhi ukiondoka ni kawaida kwa wiki moja au mbili. Si kawaida kumkuta jioni amelegea kama mlevi wa usingizi, ana alama zisizoelezeka, ana njaa kali kila siku, anaogopa mtu fulani, au ameanza kulia akiogeshwa sehemu za siri. Ukihisi amedhuriwa kimwili au kingono, usimwogeshe. Mpeleke kituo cha afya na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kuhusu usajili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana viwe na usajili, na njia yake hupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, kwetu Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Walezi wengi wa nyumbani hawana cheti. Cheti kikiwepo omba kukiona, kisha hesabu watoto vile vile. Kisipokuwepo na mama ni mzuri, mshauri aende kwa afisa huyo, au akaanze kwa mtendaji wa kijiji. Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayojulikana kama PJT-MMMAM, inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8, na vituo vya malezi vinavyoanzishwa na jamii ni sehemu yake. Akina mama watano au sita wa mtaa mmoja wenye shida hii wanaweza kuipeleka hoja hiyo kwenye mkutano wa kijiji, ikiwezekana kabla msimu wa kuvuna miwa haujaanza, kwa sababu ukishaanza hakuna mwenye muda wa kukaa mkutanoni.