Dada wawili katika fremu moja

Kuanzia mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa Joy Adamson, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa simba wake Elsa, kazi ya kuwachora watu wa makabila ya nchi hii kabla mavazi yao ya jadi hayajatoweka. Alichora mamia ya picha, za Wamijikenda zikiwamo, na mwaka 1967 akatoa kitabu, The Peoples of Kenya. Mkono wake ulikuwa stadi: shanga zinahesabika moja moja. Ila agizo lilihesabu makabila, si familia. Kwa kawaida mtu alikaa peke yake, akabeba sura ya kabila zima. Kwa Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, hasara ya kumtenga mtu na nduguze ni kubwa, maana kwa Wadigo wa zamani, ambao ni Wamijikenda, ukoo ulipitia kwa mama, na mali ya mwanamume ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, kabla mirathi ya Kiislamu haijaanza kushindana na mila hiyo. Mabinti wawili wa tumbo moja ndio waliokuwa ukoo wa kesho. Kumchora mmoja ni kuhifadhi sura. Kuwachora wote wawili ni kuandika hati ya urithi.

Mfano wa kuwachora wote wawili upo Ulaya: mchoraji Mfaransa Théodore Chassériau alipowachora dada zake, Adèle na Aline, kwa rangi za mafuta mwaka 1843, aliwavika gauni za namna moja na shali nyekundu, wameshikana mikono. Hiyo ni sare hasa, kama ya mabinti wa pwani wakienda harusini! Picha iko katika makumbusho ya Louvre, na majina yao yanajulikana.

Yuko atakayesema kwetu dini ndiyo iliyozuia picha kama hiyo. Ni kweli wanazuoni wengi hukataza kuchora viumbe wenye roho, na baadhi yao huiruhusu kamera. Lakini kamera hiyo yaonyesha kwamba hamu ilikuwapo: studio za Mombasa, ya N. V. Parekh ikiwa mojawapo, zilipata wateja Waislamu waliovaa nguo zao bora. Mwingine atasema bila Adamson hata shanga zingepotea. Sibishi, ila shanga haziambii nani ni dada wa nani.

Kwa hiyo wenye picha za studio majumbani, kuanzia Gazi hadi Shimoni, waulizeni bibi zenu, kisha andikeni nyuma ya kila picha majina ya waliomo na jina la mama yao.