Kabla ya Kitako Kizuri, Soma Namba

Miaka ya 1920, fundi wa Marekani aliyetaka kutengeneza bunduki ya kuwindia mara nyingi alianza na ya jeshi, Springfield ya 1903. Alibadilisha mtutu, akachonga kitako kipya cha walnati, akabakiza kile kipande cha chuma kinachobeba komeo. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 1917 baadhi ya vipande hivyo vilipasuka bunduki zikifyatuliwa. Kisa? Kiwandani Springfield, Massachusetts, mafundi walikadiria joto la chuma kwa macho tu, kwa kuangalia wekundu wake. Sasa fikiria: mwanga wa jua ukiwa mkali, chuma cha moto huonekana kimefifia, kumbe kimeshapita kiwango. Kikiungua hivyo chembe zake hukua, kinakuwa kama kioo: kigumu, lakini kikipigwa ghafla kinavunjika.

Mwaka 1918 kiwanda kilibadili njia, kwenye namba 800,000 hivi. Ndiyo maana wajuzi husoma namba kwanza, walnati baadaye. Na hapa pagumu: nyingi za namba ndogo zilipiga risasi miaka na miaka bila shida. Ipi imeungua? Kwa nje huwezi kujua.